Aliyebaki na Madaftari

Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada la My Utmost for His Highest hakukiona kitabu hicho hata ukurasa mmoja. Oswald Chambers alifariki Cairo, Misri, tarehe 15 Novemba 1917, akiwa na umri wa miaka 43. Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1927. Katikati ya tarehe hizo kuna miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo yumo mjane mmoja, binti yake mdogo, na madaftari yaliyojaa alama ambazo mtu wa kawaida akizitazama haambulii neno.

Wengi wetu tulikipokea kitabu hiki bila kuyajua hayo. Ni kitabu cha ibada binafsi, kipande kimoja kwa kila siku ya mwaka, andiko juu na maelezo chini yake. Mtu anakisoma asubuhi kabla ya chai, anaguswa au anakwazika, maana Chambers hakuwa mtu wa kubembeleza, kisha anakifunga anakwenda kazini. Nami nilikisoma hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi nakisoma kama kitabu cha msiba. Si kwamba kinahusu msiba. Kinahusu zaidi utii, maombi, na mtu kujitoa mzima kwa Mungu. Lakini kilitengenezwa na mtu aliyefiwa, katika saa zake za kufiwa, na kila sentensi iliyomo ilimpitia mara mbili: kwanza akiwa mke anayesikiliza, kisha akiwa mjane anayenakili.

Mwanamke huyo alizaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1883, akaitwa Gertrude Hobbs. Utotoni kifua kilimsumbua mno, hata akalazimika kuacha shule mapema. Alipokuwa nyumbani akajifundisha hatimkato ya Pitman. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka hatimkato kwa matangazo ya kazi serikalini, ambamo katibu mahsusi alitakiwa awe amefaulu maneno 80 kwa dakika, au 100 kama anataka kupanda cheo, na jinsi waliohitimu Chuo cha Uhazili Tabora walivyovitunza vyeti vyao. Gertrude alifika maneno 250 kwa dakika. Hakuna mhubiri awezaye kumwacha nyuma mwandishi wa kasi hiyo, hata akihubiri kwa jazba. Akaajiriwa ofisini Woolwich Arsenal, palipotengenezwa silaha za jeshi, na ndoto yake ilikuwa siku moja awe katibu wa Waziri Mkuu.

Mwaka 1908 alipanda meli kwenda Marekani. Melini alikuwamo Chambers, mhubiri wa Kiskoti aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1874, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, aliyesomea sanaa kabla ya kuingia katika kazi ya Injili. Mama yake Gertrude alikuwa amemwomba amwangalie binti yake njiani. Wakaoana Mei 1910. Chambers ndiye aliyempa jina la Biddy, nalo likamganda maisha yake yote. Mwaka 1911 wakafungua chuo cha Biblia Clapham, London. Mume akawa mkuu wa chuo, mke akawa mama wa nyumba iliyojaa wanafunzi na wageni wasiokwisha. Na mume alipofundisha, mke aliketi na daftari lake akaandika. Somo baada ya somo, miaka minne, madaftari yakajaa, yakawekwa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja. Chuo kikafungwa mwaka 1915, na Chambers akaenda Misri chini ya YMCA kuwahudumia askari katika kambi ya Zeitoun, nje kidogo ya Cairo. Biddy akamfuata mwezi Desemba pamoja na mtoto wao wa pekee, Kathleen, aliyekuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Wengi wa askari wale walikuwa wametoka Australia na New Zealand, na siku zilezile wenzao walikuwa wakiondolewa Gallipoli walikokufa kwa maelfu. Kibanda cha YMCA kwa kawaida kilikuwa mahali pa burudani, pa kuandika barua na kupata kikombe cha chai. Chambers akaweka mafundisho ya Biblia jioni, watu wakashangaa kuona askari wamejaa. Jumapili alasiri Biddy aliwaandalia mamia yao chai, bila malipo, juani, mchangani. Na saa ya mafundisho alifuta mikono akachukua daftari.

Mwaka 1917 Chambers aliwafundisha askari wale kitabu cha Ayubu. Naona umuhimu wa kulitaja hili. Mtu aliyekuwa na miezi michache tu ya kuishi, pasipo yeye kujua, alisimama mbele ya vijana waliokuwa wakienda kufa, akawasomea habari za mtu aliyepoteza watoto kwa siku moja. Aliwaambia, kwa jinsi ninavyomwelewa, kwamba marafiki wa Ayubu walikosea pale walipotaka kila kitu kiwe na maelezo. Na pale pembeni, kalamu ya mkewe ikiyadaka maneno hayo jinsi yalivyotoka.

Ilipofika katikati ya Oktoba, akaanza kuumwa tumbo. Ilikuwa ni kidole tumbo. Lakini jeshi la Uingereza lilikuwa linajiandaa kuishambulia Gaza, kila mtu kambini alijua majeruhi watakuja kwa wingi, na Chambers hakutaka kuchukua kitanda cha hospitali ambacho askari angekihitaji. Akavumilia siku nyingi. Alipopasuliwa tarehe 29 Oktoba, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu Giza, hali ilikuwa imekwisha kuwa mbaya. Akapata nafuu kidogo. Kisha damu ikaganda, mapafu yakaathirika, akaanza kutoka damu, na asubuhi ya tarehe 15 Novemba akafa.

Kila ninapofika hapa naisikia hasira. Najua uamuzi ule ulikuwa wa upendo. Najua pia kwamba Biddy alikuwa na miaka 34 na Kathleen alikuwa na minne, na kwamba mke yeyote angetamani mumewe awe mchoyo kidogo, japo kwa juma moja tu, ajali tumbo lake kabla ya majeruhi ambao hawajafika bado. Waliofiwa wanaijua laiti hii. Laiti tungempeleka mapema, laiti gari lingepatikana, laiti daktari angekuwa zamu. Ni hesabu isiyofungika, na mtu huirudia usiku kana kwamba safari hii jibu litabadilika. Sipendi watu wanaomkemea mfiwa kwa ajili ya hesabu hiyo. Inabidi aipige mpaka ichoke yenyewe.

Na lipo jambo gumu kuliko hilo. Wakati mumewe anaumwa, Biddy alilishika andiko la Yohana 11, lile neno alilolisema Yesu aliposikia Lazaro ni mgonjwa, kwamba ugonjwa ule haukuwa wa mauti. Alilipokea kama ahadi. Na kweli mgonjwa akapata nafuu, ikaonekana ahadi inatimia. Kisha akafa.

Ninaandikia wasomaji ambao wengi wao wamekaa kando ya kitanda cha hospitali na andiko mkononi. Katika makanisa yetu mtu hupewa neno, au hulipata mwenyewe katika maombi, na ndugu wote hulishika kama kamba. Mgonjwa akipona, ni ushuhuda Jumapili. Asipopona, hakuna anayelitaja tena lile neno. Linazikwa kimya pamoja na maiti, na mfiwa anabaki na misiba miwili, wa mtu wake na wa neno lake. Huo wa pili hauna matanga. Hakuna anayekuja kuketi naye kwenye mkeka kwa ajili yake.

Sina maelezo ya kutoa, na simuoni Biddy akiyatafuta kwa nguvu. Ninachoweza kukionyesha ni kwamba sura ile haiishii kwenye aya ya nne. Lazaro alikufa kweli, akakaa kaburini siku nne, dada zake wote wawili wakamwambia Yesu, kila mmoja kwa wakati wake, maneno yaleyale ya laiti, na Yesu akalia. Mtu akiisoma sura ile mpaka mwisho anaona kwamba andiko lile halikuwa kinga ya kaburi hata kwa wale walioambiwa wenyewe. Biddy aliendelea kuisoma Biblia ileile iliyokuwa na ukurasa ule. Huo ndio ushahidi uliopo, nao unanitosha kumheshimu.

Simu ya maandishi ikatumwa Uingereza kwa ndugu na marafiki, fupi sana: Oswald yuko mbele zake, yaani mbele za Mungu. Nimeitafakari simu ile nikilinganisha na usemi wetu wa misibani, kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Usemi huo unatoka midomoni upesi mno, na mara nyingi anayeusema anataka tu apite kwenye foleni ya mkono wa pole. Unamlazimisha mjane ashindane na Mungu kwa upendo, kisha ashindwe. Simu ya Biddy haikufanya hivyo. Ilisema tu alipo mumewe. Kuhusu yeye aliyebaki haikusema lolote.

Jeshi likamzika kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza, Cairo ya Kale, ingawa hakuwahi kuwa askari. Kisha Biddy akarudi Zeitoun na mtoto. Angeweza kuondoka, ila alibaki Misri mpaka 1919, akiendelea kuwahudumia wanaume wale waliozoea kumkuta mumewe pale. Na katika majuma ya kwanza ya ujane wake akafungua daftari moja, akanakili hubiri moja la mumewe, likachapwa kama kijitabu, likapelekwa kwa askari wakati wa Krismasi. Likawafurahisha, wakaomba jingine. YMCA wakagharimia, ikawa kila mwezi. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hapakuwa na mpango wa vitabu. Palikuwa na watu waliozoea kulishwa, na mwanamke aliyekuwa na ufunguo wa ghala.

Ufunguo huo ulikuwa wake peke yake, na hapa inafaa tuitazame hatimkato yenyewe kwa karibu. Mfumo wa Pitman hauandiki herufi, unaandika sauti. Mstari mwembamba wa mshazari ni sauti ya p. Mstari uleule ukikandamizwa kwa kalamu ukawa mzito, ni b. Mwembamba uliosimama wima ni t, mzito ni d. Irabu ni vinukta na vistari vidogo vinavyowekwa pembeni, na mwandishi wa kasi huviacha karibu vyote. Anachofanya ni kuliweka neno juu ya mstari wa daftari, au kwenye mstari, au kulikatisha mstari, ili mahali lilipokaa padokeze irabu iliyoachwa. Kwa hiyo ukurasa wa hatimkato una mifupa tu. Msomaji ndiye anayeirudishia nyama, na anairudishia kwa kukumbuka au kubahatisha jinsi lilivyosemwa. Kila mwandishi ana mazoea yake ya kukata, na daftari la mtu mmoja linaweza kumshinda mwenzake aliyesoma chuo kilekile.

Basi mfikirie Biddy na daftari la mwaka 1912. Ili asome mstari mmoja inambidi aisikie tena sauti iliyosema. Hawezi kunakili kama anavyonakili mtu barua iliyopigwa taipu, macho yakiwa hapa na mawazo kwingine. Kila neno linamtaka arudi kwenye chumba kile cha Clapham, asikie lafudhi ya Kiskoti ya mumewe, ajue hapa alikazia, hapa alinyamaza. Kunakili kurasa zile kulikuwa ni kumsikiliza mumewe upya, kila siku, kwa miongo.

Kuna watu wanaodhani kazi ya namna hiyo ni dawa, kwamba mtu akijishughulisha anasahau. Nilidokezewa dawa hiyo nami baba yangu alipofariki. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa, si mtu wa kuandika, lakini aliandaa mahubiri yake katika madaftari ya shule, ukurasa mmoja kwa kila hubiri, kwa vifupisho alivyovitunga mwenyewe. R.M. ni Roho Mtakatifu. Mstari wa mawimbi pembeni maana yake tulia, waache wafikiri. Neno "wimbo" peke yake, bila namba, maana yake ataanzisha mwenyewe wimbo wowote utakaomjia. Mama aliniomba niyaandike vizuri ili wajukuu waweze kuyasoma. Nilipofika kwenye ule mstari wa mawimbi nilimsikia baba akinyamaza. Nilikijua kimya chake. Kilikuwa na urefu wake, na mwishoni mwake alikohoa kidogo. Wajukuu wataona nafasi tupu kwenye karatasi. Sikupona kwa kuyaandika madaftari yale, na wala sikusahau. Kilichotokea ni kwamba huzuni ilipata mahali pa kukaa na kitu cha kufanya, badala ya kuzurura nyumba nzima. Sina neno kubwa zaidi la kulielezea, wala sidhani linahitajika.

Biddy alirudi Uingereza mwaka 1919, hana mshahara, ana mtoto. Baadaye akafungua nyumba Oxford ya kuwapangisha na kuwalisha wanafunzi wa chuo kikuu. Hapo ndipo kitabu kilipotengenezwa. Waandishi wa vitabu vya ibada hupenda kutuonyesha chumba tulivu na dirisha lenye mandhari. Biddy alikuwa na wapangaji. Alikuwa na kifungua kinywa cha kupika, mashuka ya kufua, mwana wa kulea, na mgeni anayegonga mlango akiwa na shida zake. Na kati ya hayo, taipureta na daftari. Alipoamua kukusanya tafakari za mwaka mzima, alichukua sehemu kutoka kwenye masomo ya Clapham na mazungumzo ya Zeitoun, akakata, akaunganisha, akaipa kila siku kipande chake. Kazi ilimchukua miaka kadhaa. Kikatoka mwaka 1927, na mwaka 1935 kikachapwa Marekani, na kutoka huko kikaenea duniani.

Kipo kipande cha mwezi wa Juni, tarehe 25, kinachosimama juu ya Yohana 12, pale Yesu anaposema kwamba roho yake imefadhaika. Chambers anaizungumzia huzuni pale. Hasemi kwamba huzuni humfanya kila mtu kuwa mwema, na kwa hilo peke yake ninamshukuru. Tumesikia mno mahubiri ya kwamba tanuru husafisha, nasi tumeona watu waliotoka kwenye tanuru wakiwa majivu. Anasema kwamba huzuni ipo, kwamba haina maana kujifanya haipo, na kwamba ndani yake mtu anaweza ama kupotea ama kupokea nafsi yake, na kwamba aliyeipitia kwa njia hiyo ndiye utakayemwendea siku ya shida yako, maana ana nafasi kwa ajili yako.

Aliyasema hayo akiwa hai, mkewe akiwa mzima mbele yake na daftari. Wote wawili hawakujua ni nani kati yao angeyahitaji. Miaka ikapita, yeye yuko kaburini Cairo, na mkewe analifungua daftari Oxford na kukuta maneno ya mumewe kuhusu huzuni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliyanakili, akayachagulia siku. Hakuweka chini yake tanbihi ya kusema nami nimeyapitia. Lakini ndiye aliyechagua yaingie. Nikisoma ukurasa ule nawasikia wawili, mmoja akifundisha na mwingine akitia saini kwa kuwa ameona.

Hapo linakuja swali la nani hasa mwandishi wa kitabu. Wapo wanaohofia kwamba mjane aliyekata na kuunganisha huenda aliingiza ya kwake, na kwamba hatuwezi kuwa na hakika tunamsikia Chambers mwenyewe. Sioni kwa nini hofu iwe kubwa hivyo. Maneno ni ya mumewe. Aliyadaka kwa kasi ambayo haimruhusu mtu kutunga. Mpangilio ni wa Biddy. Mtu anayechagua katika mamia ya masomo nini kisomwe tarehe 1 Januari na nini kisomwe siku ya mwisho, anayejua mahali pa kuanzia na mahali pa kukata kabla msomaji hajachoka, anafanya kazi ya mwandishi. Mahubiri mazuri yamehubiriwa kwa maelfu tangu siku za mitume, yakaishia hewani kwa sababu pembeni hapakuwa na kalamu.

Tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliimwagia London mabomu ya moto, na mtaa wa Paternoster Row, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, uliokuwa makao ya wachapishaji na maghala ya vitabu, ukateketea. Humo yalikuwamo maelfu ya nakala za vitabu vya Chambers, kazi ya miaka zaidi ya ishirini, bila bima. Biddy alikuwa na miaka 57. Alikuwa amekwisha kufiwa na mume. Sasa akafiwa na maneno yake yaliyokuwa yamepata mwili wa karatasi. Na akaanza tena. Madaftari yalikuwepo, wasomaji walikuwepo, vikachapwa upya.

Napenda kuliweka hili mbele ya desturi zetu, ambazo nazipenda na sitaki kuzidharau. Matanga yetu yana hekima kubwa. Majirani wanajaa, wanawake wanapika kwa masufuria ya kuazima, wanaume wanakesha na moto nje, kwaya inaimba mpaka sauti zinakauka. Kisha tanga linaanuliwa. Maturubai yanakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, vikao vya ukoo vinagawa nguo za marehemu, na baada ya arobaini mjane anatarajiwa awe amekwisha kulia. Akitajataja jina la mumewe mwaka wa tatu, watu wanatazamana. Biddy alilitaja jina la mumewe kwa miaka 48. Ndoa yao ilidumu miaka saba na nusu. Mtu mwenye haraka angesema alishindwa kusonga mbele. Mimi namwona mtu aliyeishi mbele kabisa, aliyelea mtoto, aliyepika, aliyepokea wageni, aliyetoa makumi ya vitabu, na hakuacha hata siku moja kuwa na mumewe kwa namna iliyokuwa imebaki. Ningependa kanisa letu limwachie mjane nafasi ya kumtaja marehemu wake katika mwaka wa tatu, na wa kumi, na wa ishirini, bila mtu kumtafutia mshauri.

Alifariki Januari 1966. Katika dibaji ya kitabu cha 1927 alikuwa ametia herufi mbili tu, B.C., na kwenye jalada hakujiweka kabisa. Katika vitabu vyote vilivyofuata ilikuwa hivyohivyo. Kitabu kinachomhusu yeye mwenyewe, kilichoandikwa na Michelle Ule, kilitoka mwaka 2017, miaka 100 baada ya kifo cha mumewe, na hata hicho kinaitwa Mrs. Oswald Chambers.

Wapo watakaoniambia kwamba huo ndio unyenyekevu, kwamba alitaka hivyo, na kwamba jina lake kutokuwepo ndilo hubiri lake. Inawezekana alitaka hivyo. Lakini mimi ni msomaji, nami nina deni langu. Nilipofiwa, kitabu hiki kilikuwa mezani, na mtu aliyekileta mezani pangu alikuwa mjane wa miaka 34 aliyekuwa na mtoto wa miaka minne na sanduku la alama ambazo yeye peke yake aliweza kuzisoma. Siku mtu atakapokitafsiri upya au kukichapa tena kwa ajili ya makanisa ya huku kwetu, namwomba aweke majina mawili kwenye jalada: Oswald Chambers, aliyesema, na Gertrude Chambers, aliyeandika.